Saratani ya matiti: Upasuaji upi unamfaa mwanamke wa biashara za mpakani?

KAMPALA, Uganda – Mwanamke anayefanya biashara kati ya Bwaise na Elegu akigundulika na saratani ya matiti, swali kubwa linalomkabili baada ya majibu ya maabara ni la upasuaji: titi liondolewe lote, au utolewe uvimbe peke yake na titi libaki? Wengi huamini kwamba daktari anayekata zaidi ndiye anayeponya zaidi. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 40 unasema sivyo. Kwa mgonjwa aliyewahi mapema, njia zote mbili zinampa nafasi sawa ya kuishi, mradi kila moja ikamilishwe na matibabu yanayoifuata.

Tofauti iko katika hayo yanayofuata. Njia moja inamdai mgonjwa wiki kadhaa za mionzi katika mji wenye mashine. Nyingine inamdai titi, na mara nyingi nguvu ya mkono. Kwa watu wanaoishi kwa safari na mizigo, hayo ni madai mazito. Katika Afrika Mashariki uzito wake unategemea pia mgonjwa anaishi upande gani wa mpaka.

Bwaise ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mtaa huo wa Divisheni ya Kawempe uko kaskazini mwa Kampala, pale Barabara ya Bombo inapokutana na Northern Bypass. Malori na mabasi ya Gulu, Elegu na Juba hupita hapo usiku na mchana. Ukigeukia mjini, kilima cha Mulago hakiko mbali. Bodaboda hufika kwa muda mfupi kupitia Kalerwe. Kwenye kilima hicho ndiko iliko Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967.

Taasisi hiyo si ya Waganda peke yao. Katika mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuanzia 2014, kila nchi ilipewa eneo lake la umahiri: Kenya figo, Tanzania moyo, Uganda saratani. Kwa maneno mengine, mchuuzi wa Juba au wa Bukavu ana haki ya kuuliza Mulago inampa nini, sawa na jirani yake wa Bwaise anayeiona kila siku akienda sokoni.

Kutoka kukata sana hadi kukata kwa kiasi

Imani kwamba upasuaji mkubwa ndio bora ilikuwa ya madaktari kabla haijawa ya wananchi. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alianza kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, pamoja na tezi zote za kwapani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1894. Aliamini kwamba saratani hutambaa hatua kwa hatua kutoka kwenye uvimbe kwenda nje, kama maji ya mafuriko yanavyotoka mtaroni, hivyo atakayechimba mbali zaidi ataizuia.

Upasuaji huo ulitawala kwa karibu miaka 80. Uliwaokoa baadhi ya wanawake katika zama ambazo hapakuwa na dawa wala mionzi ya kutegemewa. Lakini uliwaachia kifua kilichobonyea, bega lisiloinuka vizuri na mkono uliovimba maisha yote.

Mwaka 1948, daktari David Patey wa Hospitali ya Middlesex, London, alieleza pamoja na mwenzake njia ya kuondoa titi na tezi za kwapani huku msuli mkubwa wa kifua ukibaki mahali pake. Hiyo ndiyo mama wa upasuaji unaofanywa zaidi leo katika hospitali za ukanda huu.

Pigo kubwa kwa fikra ya Halsted lilitoka kwa daktari mwingine wa Marekani, Bernard Fisher. Kuanzia 1971, yeye na wenzake waliwagawa wanawake zaidi ya 1,600 katika makundi: wengine walifanyiwa upasuaji wa Halsted, wengine waliondolewa titi pekee, kwa mionzi au bila mionzi. Walifuatiliwa kwa miaka 25. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba kukata misuli na kusafisha kwapa lote hakukumwongezea mgonjwa uhai.

Utafiti wake wa pili, ulioanza 1976 kwa wanawake 1,851, ulikwenda mbali zaidi. Ulilinganisha kuondoa titi lote na kutoa uvimbe tu. Baada ya miaka 20, vifo havikutofautiana. Huko Milan, Italia, daktari Umberto Veronesi alipata jibu kama hilo kwa wanawake 701 waliokuwa na vivimbe vidogo.

Kuna hesabu moja katika utafiti huo wa pili ambayo kila mgonjwa wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Miongoni mwa waliotolewa uvimbe na kupata mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 14 hivi katika miaka 20. Miongoni mwa waliotolewa uvimbe bila mionzi, ilirudi kwa asilimia 39. Kubakiza titi, kwa hiyo, ni matibabu ya sehemu mbili. Mwenye kupata ya kwanza akakosa ya pili hajatibiwa sawasawa.

Njia zilizopo leo

Daktari wa upasuaji katika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Kigali ana njia nne za kuchagua kwa kadiri ya vifaa alivyonavyo.

Ya kwanza ni kuondoa titi lote pamoja na sehemu kubwa ya tezi za kwapani, huku misuli ya kifua ikiachwa. Haihitaji vifaa vya gharama kubwa, na daktari yeyote wa upasuaji aliyefunzwa vizuri anaimudu. Humfaa mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa, au mwenye tezi za kwapani zilizokwisha kuingiliwa. Baada ya upasuaji huachwa mrija wa kutoa maji kwenye jeraha, ambao hukaa siku kadhaa au hata wiki mbili.

Ya pili ni kuondoa titi lote bila kugusa kwapa, au kwa kuchukua tezi chache tu za kupima. Mgonjwa hupona haraka zaidi na mkono hubaki salama zaidi.

Ya tatu ni kutoa uvimbe na kipande cha nyama nzima kinachouzunguka, titi likabaki. Kingo za kipande hicho lazima zipimwe maabara. Zikikutwa na saratani, mgonjwa hurudi kwenye meza ya upasuaji. Halafu hufuata mionzi.

Ya nne ni kuondoa nyama ya titi kwa ndani huku ngozi, na wakati mwingine chuchu, vikibakizwa, kisha titi kujengwa upya kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe au kwa kifaa cha kupandikiza. Njia hii inahitaji madaktari wenye ujuzi wa ziada, saa nyingi za upasuaji na fedha nyingi. Katika ukanda huu bado ni ya wachache. Walio wengi huvaa titi la bandia ndani ya sidiria, na wapo wanaolitengeneza wenyewe kwa kitambaa.

Hata kisu chenyewe kina aina zake. Kisu cha umeme hupunguza damu inayopotea kuliko kisu cha kawaida, jambo la maana pale damu ya kuongezewa inapokuwa haba, ingawa kinaweza kuongeza maji yanayojikusanya chini ya ngozi baadaye. Hiyo ni tofauti ya ufundi ambayo mgonjwa hana haja ya kuihangaikia. La kuhangaikia liko kwapani.

Kwapa na mkono wa kubebea mzigo

Tezi za kwapani ndizo njia ya maji ya mwili kutoka mkononi kurudi kifuani. Zikiondolewa kwa wingi, maji hayo yanaweza kukwama na mkono ukavimba. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2013 zilionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliosafishwa kwapa hupata uvimbe huo. Kwa waliochukuliwa tezi chache za mwanzo tu, walioupata walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Njia ya kuchukua tezi chache ilianza kupata nguvu miaka ya 1990. Daktari huingiza rangi ya buluu karibu na uvimbe, kisha huitafuta tezi ya kwanza kwapani iliyopokea rangi hiyo. Ikikutwa safi, nyingine huachwa. Ni kama kumkagua mtu wa kwanza kwenye foleni ya forodha: akiwa hana kitu, hakuna sababu ya kuwafungulia mizigo wote walio nyuma yake. Hospitali zilizoendelea huongeza dawa ya mionzi ya kuitafuta tezi hiyo, lakini rangi peke yake pia hutumika pale vifaa vingine visipopatikana.

Kwa mwanamke anayebeba magunia ya maharage au anayeinua marobota ya mitumba, jambo hili si la urembo. Mkono uliovimba huwa mzito, huchoka upesi na hushika maambukizi kwa jeraha dogo tu. Mfanyabiashara mwenye hali hiyo hulazimika kumlipa mtu wa kumbebea kila safari, na faida ndogo ya biashara ndogo huishia hapo.

Hivyo mgonjwa ambaye kwapa lake halijaonyesha dalili za saratani ana haki ya kumuuliza daktari: je, hapa mnaweza kupima tezi ya kwanza kabla ya kuondoa zote? Na kama tezi zimeshaingiliwa, hapo kuziondoa kuna faida ya kweli. Mkono unaweza kusaidiwa kwa mazoezi yanayoanza mapema baada ya upasuaji, kwa bendeji maalumu na kwa kuepuka mizigo mizito katika wiki za kwanza.

Somo la mwaka 2016

Uhusiano kati ya kisu na mashine ulionekana wazi Uganda mwaka 2016. Mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka tena. Wagonjwa walikuwa wakitoka kila pembe ya Uganda na nchi jirani kuifuata. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 wa Uganda. Mashine mpya ilizinduliwa Mulago Januari 2018, na tangu hapo taasisi imeongeza mashine za kisasa zaidi.

Katika kipindi hicho cha karibu miaka miwili, mwanamke wa Bwaise aliyeshauriwa kubakiza titi alikuwa ameshauriwa pia, bila kuambiwa, kwenda kuishi Nairobi kwa wiki kadhaa. Asingeweza kufanya hivyo, ushauri huo ungemwacha katika lile kundi la asilimia 39. Daktari aliyependekeza titi lote liondolewe hakuwa amebaki nyuma kielimu. Alikuwa amepiga hesabu ya barabara.

Hesabu hiyo ndiyo inayopigwa bado kwa wengi. Tanzania ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Bugando jijini Mwanza. Kenya ina mashine kadhaa, nyingi zikiwa Nairobi. Rwanda ilianza kutoa mionzi katika Hospitali ya Jeshi ya Kanombe mwaka 2019. Lakini kwa miaka mingi wagonjwa wa Sudan Kusini, Burundi na mashariki mwa Kongo wamelazimika kuvuka mpaka kuitafuta.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki. Zamani ilikuwa kawaida kwenda wiki tano, kisha tatu zikathibitika kutosha. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 4,000: dozi tano katika wiki moja zilifanya kazi sawa na dozi 15 katika wiki tatu, kwa muda wa miaka mitano waliofuatiliwa. Kwa mgonjwa anayelipa chumba Kampala huku kibanda chake kimefungwa Nimule, tofauti ya wiki tatu na wiki moja ni tofauti ya kurudi na mtaji au kurudi mikono mitupu. Njia hiyo inataka mashine nzuri na upimaji makini, na haimfai kila mgonjwa. Bado ndiyo mahali ambapo sera ya ukanda ingeweza kupunguza mzigo wa wengi kwa gharama ndogo.

Kuondoa titi lote nako hakumhakikishii mgonjwa kwamba hatahitaji mionzi. Uvimbe ukiwa umezidi sentimita tano, au tezi nne na zaidi za kwapani zikiwa zimeingiliwa, madaktari hupendekeza mionzi ya kifua hata baada ya titi kuondoka. Na wagonjwa wa aina hiyo ndio wengi zaidi hapa kwetu.

Kuchelewa kunavyomaliza uchaguzi

Hapo ndipo ulinganisho wote wa mbinu unapogonga ukuta. Utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Nigeria, Zambia, Namibia na Afrika Kusini, walioandikishwa kuanzia 2014 hadi 2017, ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitatu. Sababu kubwa ilikuwa kufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa.

Mwenye uvimbe mdogo anaweza kuchagua kati ya njia tatu au nne. Mwenye uvimbe uliopasuka ngozi hana uchaguzi wa kubakiza titi. Mara nyingi hata upasuaji wenyewe husubiri: huanza dawa za kemo, ambazo hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, ili kuupunguza uvimbe. Baadhi ya wagonjwa ambao mwanzoni hawakuweza kupasuliwa hufikia hatua ya kupasulika kwa njia hiyo.

Mitaani bado kuna usemi kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Usemi huo una chanzo kinachoeleweka. Mtu aliyechelewa hupasuliwa, na miezi michache baadaye ugonjwa hutokea kwenye mapafu au mifupa. Jirani huona kisu, hafahamu kwamba mbegu zilikuwa zimekwisha kufika huko kabla ya kisu. Matokeo yake ni kwamba mwingine naye huogopa, huchelewa, na usemi unajipatia shahidi mpya.

Kuna pia kosa linalofanywa na kliniki ndogo za mitaani: uvimbe hukatwa, hutupwa, na mgonjwa huambiwa amepona. Uvimbe usiopimwa maabara ni sawa na mzigo ulioteketezwa kabla ya kukaguliwa. Hakuna tena wa kujua ulikuwa na nini. Kipimo cha sindano nene kabla ya upasuaji huonyesha kama ni saratani, ya aina gani, na kama ina vipokezi vya homoni au alama iitwayo HER2. Mwenye vipokezi vya homoni anaweza kutumia vidonge kama tamoxifen kwa miaka mitano au zaidi, dawa anayoweza kusafiri nayo mkobani. Mwenye saratani isiyo na alama hizo zote, aina inayoonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika kuliko wa Ulaya, hutegemea zaidi kemo na upasuaji wa mapema.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua mbili za mwanzo, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali, na asilimia 80 wamalize matibabu. Kwa mfanyabiashara, hizo siku 60 ni za kuhesabu kwa makini. Safari mbili za Juba na moja ya Mutukula zinatosha kuzimaliza.

Baada ya kutoka wodini

Ulinganisho wa mbinu hufanywa pia kwa kuangalia mgonjwa anarudi wapi. Bwaise iko bondeni, na mfereji wa Nsooba unaoelekea Lubigi hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Maji machafu huingia vyumbani. Mwanamke aliyetolewa hospitalini na mrija ubavuni anahitaji mahali pakavu, maji safi na mtu wa kumbadilishia bendeji. Nyumba iliyofurika haimpi hata kimoja.

Daktari anayejua hilo anaweza kumlaza siku chache zaidi, au kumshauri akae kwa ndugu aishiye mahali pa juu mpaka mrija utolewe. Lakini hawezi kulijua asipoambiwa. Vilevile hawezi kujua kwamba mgonjwa wake atapanda basi la saa nane wiki ijayo, au kwamba mume wake yuko Goma na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya fedha. Mambo haya hayaandikwi kwenye fomu, nayo huamua kama upasuaji mzuri utazaa matokeo mazuri.

Jumuiya imefungua mpaka kwa gunia

Upande wa madaktari, ukanda umekwisha kuungana kuliko wengi wanavyofahamu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, hufunza na kutahini kwa mtaala mmoja. Daktari aliyefuzu kupitia chuo hicho Uganda na mwenzake wa Rwanda au Tanzania wamejifunza kuondoa titi kwa hatua zilezile.

Upande wa mgonjwa, mpaka bado umefungwa nusu. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 118, unazungumzia ushirikiano katika afya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeruhusu watu kuvuka. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa na kupita. Lakini hakuna bima ya afya ya pamoja inayomfuata mtu ng'ambo. Uganda yenyewe haina bima ya taifa. Muswada uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukuwa sheria. Na hakuna faili moja la mgonjwa linalosomeka Kampala, Kisumu na Kigali.

Athari yake ni ya wazi. Mgonjwa aliyepimwa Juba hupimwa upya Mulago. Aliyepata mizunguko miwili ya kemo Nairobi hufika Kampala bila karatasi inayosema ni dawa gani, na daktari hulazimika kubahatisha au kuanza tena. Fedha zinazoliwa na vipimo vya kurudia ndizo zingelipia chumba cha wiki za mionzi, na hivyo ndizo zinazoamua kama titi litabaki au litaondoka.

Serikali zinaweza kulirekebisha hilo bila kusubiri bima. Karatasi moja ya rufaa ya Jumuiya, yenye majibu ya maabara, aina ya upasuaji na dawa zilizotolewa, ingegharimu kidogo kuliko mzani mmoja wa malori. Kituo cha umahiri cha Mulago kingetangaza waziwazi bei na muda wa kusubiri mionzi kwa raia wa nchi zote wanachama, mgonjwa angejua kabla ya kuuza bidhaa zake kwa hasara ili apate nauli.

Mpaka hapo, kazi ya kubeba faili inabaki kwa mgonjwa. Mwanamke wa biashara hujua kutunza karatasi. Asiyezitunza hulala mpakani. Zinazohitajika hapa ni jibu la patholojia, jibu la vipokezi, maelezo ya upasuaji uliofanywa na orodha ya dawa na tarehe zake. Anaweza pia kuomba kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta. Ni kidogo, hakihitaji barafu, hukaa miaka mingi, na maabara ya nchi nyingine inaweza kukisoma bila kumchoma sindano upya.

Na kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, yapo maswali manne ya kumuuliza daktari. Ugonjwa wangu uko hatua gani? Tezi za kwapani zitaondolewa zote au zitapimwa kwanza? Nitahitaji mionzi baadaye, na nitaipata wapi kwa muda gani? Mkono wangu utabeba mzigo lini? Majibu yake yakijulikana mapema, mwanamke na daktari wake wanaweza kuchagua njia ambayo wataikamilisha. Kwa saratani ya matiti, matibabu yaliyokamilika huokoa kuliko yaliyo bora kwenye karatasi yakaachwa njiani.